Kwenda Kyoto mwezi wa kwanza ukitokea Mbeya: baridi utaiweza, shida ni miguu na giza

Watu wengi wakisikia Japani wanawaza maua ya mwezi wa nne, na ndo maana mwezi wa nne Kyoto hapakaliki, hoteli bei juu, kwenye mahekalu mnatembea mmebanana. Sasa sisi wa huku juu, Mbeya, Njombe, Makete, Mafinga, tuna kitu ambacho mtu wa Dar hana, baridi tumezaliwa nayo. Mtu aliyeamka Makete mwezi wa sita akakuta majani yameganda hawezi kutishwa na asubuhi ya nyuzi 1 au 2, na mchana pale inapanda mpaka 9 hivi. Kwa hiyo kama unataka kuuona mji wa kale wa Japani na hela yenyewe ni ya kudunduliza, nenda kati ya tarehe 10 mwezi wa kwanza na katikati ya mwezi wa pili. Vyumba vinashuka bei, foleni zinapungua, na kuna mahekalu ambayo mwaka mzima yamefungwa ila huwa yanafunguliwa kipindi hiki tu, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, makusudi kabisa ili watu waje.

Ila epuka tarehe 29 Desemba mpaka 3 Januari. Wajapani ndo sikukuu yao kubwa, maduka mengi yanafungwa halafu mahekalu yanajaa watu wanaoenda kuomba heri ya mwaka. Labda uwe unataka kusikia kengele ya hekalu la Chion-in ikigongwa mara 108 usiku wa mwaka mpya, kengele yenyewe ina tani 70 hivi, hapo sawa, ila jiandae kwa foleni na bei.

Na kwa nini Kyoto, sio Tokyo? Kyoto ndo ilikuwa makao ya mfalme wao kuanzia mwaka 794 mpaka karne ya 19, na vita ya pili haikuibomoa. Mwaka 1945 ilikuwa kwenye orodha ya Wamarekani ya miji ya kupigwa bomu la atomiki, waziri wao wa vita Henry Stimson akang'ang'ana itolewe, ikatolewa. Ndo maana leo unakuta mitaa mizima ya nyumba za mbao imesimama.

Viza na makaratasi

Mtanzania anahitaji viza, na inaombwa ubalozi wa Japani Dar. Watataka pasipoti, fomu, picha, ratiba ya safari siku kwa siku, mahali utakapolala, barua ya kazini au karatasi za biashara yako, na benki stetimenti. Kama una mwenyeji kule kuna barua zake pia za mwaliko na za udhamini. Kwenye ratiba usiandike maneno ya juu juu, andika tarehe fulani naingia Osaka, naenda Kyoto, nalala hapa, natoka siku fulani, na hela iliyoko benki iendane na hayo uliyoandika. Halafu anza mapema, maana kutoka huku kwenda Dar kufuatilia ni safari yenyewe, zaidi ya kilomita 800 kwa basi, na wakikwambia kuna karatasi imepungua unarudi tena. Cheki tovuti ya ubalozi kabla hujapanda basi, masharti huwa yanabadilika.

Tiketi tafuta ya kutua Kansai, uwanja wa Osaka, usitafute ya Tokyo. Qatar kupitia Doha na Emirates kupitia Dubai wanafika Kansai, na wote wanaruka kutoka Dar. Ukishuka Kansai kuna treni inaitwa Haruka inakupeleka moja kwa moja stesheni ya Kyoto, saa moja na robo hivi. Ukitua Tokyo itabidi upande shinkansen, treni yao ya kasi, inafika kwa masaa mawili na dakika 15 lakini nauli ni kama yen 14,000, na yen moja siku hizi inacheza kwenye shilingi 16 mpaka 18, piga hesabu mwenyewe. Ile pasi ya reli ya siku 7 watu wanayoisifia ilipandishwa bei mwaka 2023 ikafika yen 50,000, kwa mtu anayekaa Kyoto tu ni hasara.

Kutoka Mbeya mpaka Dar usipange kufika siku ile ile ya ndege ya kimataifa. Hata ukipanda ndege Songwe, acha usiku mmoja katikati, ukungu wa asubuhi mnaujua.

Nguo usinunue Japani, nunua Mwanjelwa

Hapa ndo tunapowapita wengine. Jaketi lile jepesi lililojazwa manyoya ya bata, ambalo kule dukani ni hela ndefu, pale Mwanjelwa na Sido, masoko ya Mbeya, linatoka kwenye belo kwa bei ya kawaida kabisa, Iringa nenda Mashine Tatu. Cha kuangalia ni zipu, na ulifinye uone kama manyoya yamejikusanya sehemu moja, yakijikusanya ujue limefuliwa vibaya, achana nalo. Chukua pia kofia ya sufu inayofunika masikio, skafu na glavu. Lile koti zito la pamba la kwenda nalo shamba liache nyumbani, likinyeshewa halikauki.

Ndani usivae sweta nene moja. Vaa tabaka, fulana ya kubana, shati, sweta jembamba, halafu jaketi. Sababu ni kwamba nje ni nyuzi 3, ukipanda basi au ukiingia dukani wamewasha hita mpaka jasho linakutoka, ukitoka na hilo jasho ndo mafua yanakupata. Huku kwetu ndani na nje ni baridi ile ile, unavaa asubuhi unavua ukienda kulala. Kule unavua na kuvaa siku nzima.

Sasa miguu. Hili naomba ulisome mara mbili. Kwenye mahekalu mengi, kwenye kasri la Nijo, nyumba za kulala za kienyeji na migahawa kadhaa unavua viatu mlangoni, halafu unatembea kwa soksi kwenye sakafu ya mbao ambayo haijaona jua tangu mwezi wa kumi na moja. Mbao hizo zinauma kuliko hewa ya nje! Kwenye ukumbi wa Sanjusangendo, una urefu wa mita 120 hivi na sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Wabudha, zimepangwa mstari kwa mstari, mtu anaingia na hamu ya kuangalia moja moja, akifika katikati haangalii tena sanamu, anatafuta mlango. Kwa hiyo soksi nene za sufu, pea nyingi, na moja ya akiba kwenye begi kila siku, sababu soksi ikiloa jasho au theluji imekwisha kazi. Soksi yenye tundu usiende nayo, utaaibika mbele za watu. Viatu viwe vya kuchomeka mguu tu, buti la kamba kumi utalifungua na kulifunga mpaka ulichukie, ila soli iwe na meno, ngazi za mawe zinateleza asubuhi.

Kwenye maduka yao madogo yale yanayokaa wazi usiku kucha wanauza vipakiti vinaitwa kairo, unafungua nailoni vinapata moto vyenyewe, masaa kama 10 hivi. Kuna vya mfukoni, vya kubandika kwenye nguo na vya kubandika chini ya soksi. Bei ni ya kutupa. Usibandike kwenye ngozi, vinaunguza, na usilale navyo.

Mafuta ya mgando na ya midomo beba, hewa ni kavu. Dawa za mafua za huku kuwa nazo makini, zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 ni marufuku kuingiza Japani, soma boksi. Na usimbebee mwenyeji wako nyama kavu wala soseji, zitachukuliwa uwanjani, matunda mabichi nayo yana masharti makali kwa hiyo parachichi la Rungwe libaki. Majani ya chai ya Mufindi au kahawa ya Mbozi iliyokaangwa, hiyo ndo zawadi.

Chaja ya simu itafanya kazi ila plagi zao ni za vipini viwili bapa, tafuta adapta Dar.

Saa

Japani wako mbele yetu masaa 6, na hii ina raha yake kwa Mswahili. Simu yako ukiwa Kyoto ikiandika 2:00, nyumbani ni saa mbili. Ikiandika 9:00, nyumbani saa tisa. Yaani unasoma namba kwenye simu unajua mama anasemaje saa hizo, kazi yako ni kujua tu kama ni usiku au mchana.

La muhimu zaidi ni mwanga. Sisi tumezoea jua masaa 12, mwaka mzima halibadiliki sana. Kule mwezi wa kwanza jua linatoka saa moja na dakika chache, saa kumi na moja jioni limeshazama au liko mbioni, halafu mahekalu mengi yanafunga kati ya saa kumi na saa kumi na moja, mengine mlango wa kuingilia unafungwa nusu saa kabla. Mtu anayeamka saa tatu, anywe chai taratibu, atoke saa tano, huyo kwa siku ataona sehemu mbili. Panga siku yako kinyumenyume. Alfajiri nenda palipo wazi mapema, katikati ya siku nenda palipofunikwa, jioni nenda sokoni au kula.

Palipo wazi mapema ni mahekalu ya Fushimi Inari na Kiyomizu. Fushimi Inari ndo ile yenye maelfu ya milango myekundu inayopanda mlimani, haifungwi usiku wala mchana, hakuna kiingilio, na iko dakika 5 tu kwa treni kutoka stesheni ya Kyoto. Fika saa moja asubuhi, panda mpaka juu kabisa, wengi wanaishia kwenye milango ya chini wanapiga picha wanarudi, na kwa mtu aliyekulia chini ya mlima Loleza kile kilima ni mazoezi mepesi. Kiyomizu inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, jukwaa lake la mbao liko kama mita 13 kutoka chini, majengo ya sasa ni ya mwaka 1633. Jua likitoka ukiwa pale juu unaona mji wote umekaa bondeni na milima imeuzunguka pande tatu, ndo hapo utaelewa baridi inakotoka, hewa nzito ya baridi inashuka kutoka milimani usiku inatuama chini, mambo yale yale ya Uyole na Igawilo alfajiri.

Theluji

Usiende ukiwa na uhakika wa theluji. Kyoto mjini inadondoka siku chache tu kwa msimu, mara nyingi usiku, na ikifika saa sita mchana imeyeyuka. Kwa hiyo kila usiku cheki utabiri, ukiamka ukakuta paa ni jeupe achana na ratiba yako ya siku hiyo, kimbia Kinkaku-ji uwe mlangoni kabla ya saa tatu wanapofungua. Ndo lile hekalu la ghorofa tatu, mbili za juu zimepakwa dhahabu, liko kwenye bwawa. La mwanzo ni la enzi za mtawala wa kijeshi Ashikaga Yoshimitsu, mwaka 1397, hili unaloliona lilijengwa upya 1955 baada ya mtawa kijana kulichoma moto 1950. Dhahabu na theluji kwa pamoja, basi, wenyeji wenyewe huwa wanaacha kazi kwenda kuangalia, utakuta foleni, vumilia.

Kama theluji ya mjini imekunyima, panda basi kwenda Ohara, kama saa moja kaskazini ya mji, au treni ya Kurama na Kibune. Kule ni juu zaidi na inakaa siku nyingi. Angalia basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi kabla hujashuka, usiku kule hakuna bodaboda.

Kutembea mjini na hela

Nunua kadi ya ICOCA stesheni, unaijaza hela kama vocha, inatumika kwenye treni, mabasi na hata dukani. Basi la mjini ni yen 230 sehemu kubwa ya mji, unapandia mlango wa nyuma, unalipa kwa dereva ukishuka mlango wa mbele. Ile tiketi ya mabasi tu ya siku nzima iliyoandikwa kwenye miongozo ya zamani imefutwa, iliyopo ni ya basi pamoja na treni za chini ya ardhi, yen 1,100. Ndani ya basi watu wako kimya, simu haipigwi. Sisi wa kusalimiana na basi zima tutapata tabu kidogo.

Keshi beba. Mahekalu mengi kiingilio ni keshi, yen 500 au zaidi, na sarafu zinatumika kila mahali. Kadi yako ya Visa au Mastercard inatoa hela kwenye mashine zilizoko maduka ya 7-Eleven. Hotelini kuna kodi ya malazi inaongezwa kando kwa kila usiku, usishangae.

Ukienda Gion, mtaa wa wasanii wa kike wa jadi, tembea barabara kubwa tu. Vichochoro vya watu binafsi wameviwekea vibao tangu 2024, ukiingia faini yen 10,000. Na usimkimbize msanii na kamera, anaenda kazini.

Kasri la Nijo lilijengwa 1603 na Tokugawa Ieyasu, shogun, yaani mtawala wa kijeshi, na ndani yake humo humo mwaka 1867 mjukuu wa ukoo huo, Yoshinobu, akatangaza kurudisha madaraka kwa mfalme. Sakafu za varanda zake zinalia kama ndege ukikanyaga. Ila Jumanne za mwezi wa kwanza jumba lenyewe la Ninomaru huwa halifunguliwi, nenda siku nyingine.

Kule Arashiyama kuna msitu wa mianzi, hakuna kiingilio, nenda asubuhi. Wa Iringa na Njombe najua mtaangalia juu kama kuna mbeta ya kukingia ulanzi. Hakuna, hawagemi.

Kula

Ugali sahau. Wali upo, ila ni wa punje fupi unaoshikana, mtu wa Kyela ataguna. Cha kukuokoa kwenye baridi ni vitu vya mchuzi, udon, yaani tambi nene kwenye supu, ramen, na oden, vipande vya figili, mayai na samaki wa kusagwa vilivyochemka kwenye supu siku nzima. Asiyekula nguruwe awe makini na ramen, supu nyingi ni ya mifupa yake hata kama nyama huioni, aulize kwanza au ale udon, ambayo mara nyingi ni ya samaki. Karibu na hekalu la Nanzen-ji watakusifia yudofu, ni tofu kwenye maji ya moto yenye mwani. Mimi naona ni bei kubwa kwa maji ya moto, ila ukitaka kujua chakula cha watawa ndo hicho, kula mara moja. Kwenye supamaketi kuna viazi vitamu vya kuchoma, vya moto, vitamu kweli, weka mfukoni vikupashe mikono halafu kula. Na mahekaluni msimu huu wanauza amazake, ya mchele uliochachushwa, tamu, ni togwa ya moto kabisa. Kuna ya kimea cha mchele isiyo na pombe, na kuna ya machicha ya pombe, yenye kilevi kidogo, mlokole aulize.

Tarehe 21 ya kila mwezi kuna gulio kwenye hekalu la Toji, lenye mnara wa mbao wa mita 55, mrefu kuliko yote Japani. La mwezi wa kwanza ndo la kwanza la mwaka, linajaa. Kimono za mitumba zinauzwa pale kwa bei ya kushangaza. Mtu aliyezoea belo za Sido hatapotea.

Mpenda chai apande treni ya kwenda Uji, nusu saa haifiki. Mashamba yamelala msimu huo, hawachumi mwaka mzima kama Mufindi na Tukuyu, ila maduka yanasaga matcha, unga wa chai ya kijani, mbele yako, na pale pale kuna hekalu la Byodo-in, jengo la mwaka 1053 lililochorwa kwenye sarafu ya yen 10. Toa sarafu yako ulinganishe.

Kulala

Nyumba za kienyeji za mbao ni nzuri lakini zinapitisha upepo, na joto linakuwa kwenye chumba kimoja tu, korido na choo ni baridi. Uliza kama kuna kotatsu, meza fupi yenye hita chini na blanketi juu yake, mkiingiza miguu hapo hamtoki. Wakikupa hita ya mafuta ya taa fungua dirisha kidogo mara kwa mara na uizime kabla ya kulala, hadithi za jiko la mkaa ndani ya chumba tunazijua wote. Hotelini mwambie wa mapokezi akuoneshe kitufe cha joto kwenye rimoti, maana maandishi ni ya Kijapani matupu na wengi wanawasha la baridi.

Jioni, badala ya kujifungia chumbani, tafuta sento, bafu la mtaa. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na mnaingia uchi, hakuna chupi wala kitenge. Mtu mzima wa huku atasita mlangoni, lakini hakuna anayekuangalia. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua na sabuni, unajisuuza mpaka povu liishe kabisa, ndipo unaingia kwenye bwawa la moto, taulo lako dogo lisiguse maji. Yanaunguza mwanzoni, ingia taratibu. Kiingilio ni kama yen 500, sabuni na taulo vinauzwa hapo hapo mlangoni, na mengi yanakaa wazi mpaka karibu saa sita usiku.